Viendelezi Vilivyoandikwa kwa Akili Unde: Nini Kikaguliwe Kabla ya Kufika kwenye Kompyuta za Stesheneri

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu unapofika, stesheneri zilizo jirani na Stendi ya Msamvu mjini Morogoro hujaa vijana tangu asubuhi. Wengine wametoka Kihonda kwa bodaboda. Wengine wameteremka kutoka Nyandira, Kinole na Matombo, kwenye miteremko ya Milima ya Uluguru, wakiwa wamebana kwapani bahasha zenye vyeti. Mwenye stesheneri huketi mbele ya kompyuta, hufungua mfumo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kisha huandika namba ya mtihani wa kidato cha nne, namba ya uhakiki wa cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, Namba ya Utambulisho wa Taifa, majina ya mzazi au mlezi na namba ya simu. Akimaliza, humwita anayefuata.

Kompyuta hiyohiyo humhudumia mfanyabiashara anayeomba leseni kupitia mfumo wa TAUSI, mhitimu anayetuma barua ya kazi kupitia Ajira Portal, mtumishi wa umma anayechapa hati yake ya mshahara, na mkulima wa kabichi kutoka Mgeta aliyepewa kumbukumbu namba ya malipo na hajui aifanyie nini. Kwa siku moja, kivinjari kimoja hupitisha taarifa za watu makumi kadhaa wasiofahamiana, ambao wote wamemwamini mtu mmoja aliyekaa nyuma ya kibodi.

Kazi ya kuandika mambo yaleyale kutwa nzima inachosha, na ni jambo la kawaida kwa kijana mwenye ujuzi wa kompyuta kutafuta namna ya kuipunguza. Siku hizi namna hiyo inapatikana kwa urahisi. Mtu anaweza kuieleza zana ya akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, kwamba anataka programu ndogo ya kujaza fomu, na kabla chai haijapoa akapewa kiendelezi kamili cha kivinjari. Kiendelezi ni programu inayopachikwa ndani ya kivinjari kama Chrome, Edge au Firefox ili kukiongezea uwezo: kutafsiri ukurasa, kuzuia matangazo, kusahihisha maneno, kujaza fomu. Zamani kukiandika kulihitaji mtu aliyesomea programu. Leo kunahitaji mtu anayejua kueleza anachotaka.

Hilo ni jambo jema, na Serikali yenyewe imekuwa ikihimiza vijana wabuni suluhisho za kidijitali. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni lile la hatua inayofuata: kiendelezi kikishafanya kazi kwenye kompyuta ya aliyekitengeneza, ni mambo gani yakaguliwe kabla hakijawekwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine?

Ili kulijibu swali hilo kwa mfano, mwandishi wa makala haya aliomba zana mojawapo ya akili unde imtengenezee kiendelezi cha namna hiyo. Ombi lilikuwa fupi: kihifadhi taarifa za mteja mara moja, kijaze fomu za mifumo mitatu iliyotajwa kwa jina, na kinyooshe Kiingereza cha barua ya maombi ya kazi. Majibu yalikuja kwa dakika chache yakiwa yamepangwa vizuri, na kiendelezi kilifanya kazi mara ya kwanza. Ugumu ulianzia hapo, kwa sababu kitu kinachofanya kazi hakimsukumi mtu kukifungua na kukitazama ndani.

Kilipofunguliwa, faili la utambulisho wake, ambalo watengenezaji huliita manifesti, lilionekana limeomba ruhusa ya kusoma na kubadili taarifa katika tovuti zote. Ombi lilitaja tovuti tatu. Ruhusa ikaombwa ya zote. Zana ilichukua njia iliyo rahisi kwake, kwani kiendelezi chenye ruhusa zote hakikwami popote na anayekijaribu hurudi akiwa ameridhika.

Maana ya ruhusa hiyo haina fumbo. Kiendelezi kilichokubaliwa kusoma tovuti zote kinaweza kuona barua pepe iliyofunguliwa baada ya fomu ya mkopo kufungwa. Kinaweza kuona ukurasa wa benki, hati ya mshahara na nywila inapoandikwa. Huenda mtengenezaji hana nia yoyote mbaya. Lakini mlango ukishatobolewa ukutani, nia ya aliyeutoboa haimzuii mwingine kuupitia, na sehemu kubwa ya makala haya inahusu namna huyo mwingine anavyofika.

Marekebisho yake ni madogo kuliko watu wanavyodhani. Manifesti inaruhusu kutaja tovuti moja moja ambazo kiendelezi kitafanya kazi. Ipo pia ruhusa finyu zaidi, inayokipa kiendelezi uwezo wa kuona kichupo kilicho mbele ya mtumiaji pale tu anapokibofya, na uwezo huo hukoma mtumiaji anapohamia tovuti nyingine au kukifunga kichupo hicho. Kipimo kinachofaa ni hiki: mtengenezaji aiondoe ruhusa moja, ajaribu kiendelezi, na aone ni kitufe gani kimeacha kufanya kazi. Kama hakuna kilichoacha, ruhusa hiyo isirudishwe. Kiendelezi cha majaribio kilianza na ruhusa sita na kikabaki na mbili, na kiliendelea kujaza fomu kama awali.

Wapo watakaosema kwamba Mtanzania wa kawaida huingia intaneti kwa simu, na kwamba Chrome ya kwenye simu za Android haipokei viendelezi, hivyo jambo hili ni la wachache. Hoja ya simu ni ya kweli. Hata hivyo inazidisha uzito wa suala badala ya kuupunguza. Kwa kuwa wananchi wengi hawana kompyuta, shughuli zao zinazohitaji kompyuta hukusanyika kwenye mashine chache: za stesheneri, za ofisi za kata, za maktaba za vyuo. Kiendelezi kibovu kwenye kompyuta ya nyumbani humdhuru mwenye nyumba. Kwenye kompyuta ya stesheneri humdhuru kila aliyepita siku hiyo, naye hatajua, kwa kuwa hakukiweka yeye na wala hakukiona.

Kasoro ya pili katika jaribio letu ilihusu siri iliyoachwa hadharani. Ili kunyoosha Kiingereza cha barua, kiendelezi kilihitaji kuwasiliana na huduma ya akili unde iliyo nje ya nchi, na huduma hiyo hutambua mteja wake kwa ufunguo maalumu, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Zana ilielekeza ufunguo huo uandikwe ndani ya msimbo wa kiendelezi. Mtu asiyejua ataona ni sawa, kwa kuwa mtumiaji haoni msimbo kwenye skrini. Lakini kiendelezi ni kifurushi cha mafaili ambacho yeyote aliyekipata anaweza kukifungua na kukisoma kwa dakika mbili. Ufunguo uliomo ndani yake ni sawa na ufunguo wa duka uliotundikwa kwenye kitasa: atakayeuchukua atatumia huduma, na ankara itakwenda kwa mtengenezaji. Njia sahihi ni ufunguo kukaa kwenye seva inayosimamiwa na mtengenezaji, na kiendelezi kuwasiliana na seva hiyo tu.

Hapo linazuka jambo la kisheria ambalo watengenezaji vijana wengi hawalifikirii. Barua ya maombi ya kazi ina jina, anwani, namba ya simu, elimu, na mara nyingine hali ya afya au ya familia. Kuituma kwenye seva ya nje kila mtu anapobofya "nyoosha" ni kuchakata na kusafirisha taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi asajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, akusanye kile tu kinachohitajika kwa lengo lililotajwa, amweleze mhusika lengo hilo, na azilinde taarifa hizo. Usafirishaji wa taarifa nje ya nchi una masharti yake. Ukiukaji wa usalama wa taarifa unapotokea, Tume inapaswa kuarifiwa bila kuchelewa. Sheria haina kipengele kinachosema kwamba wajibu huo unaondoka kwa kuwa msimbo uliandikwa na mashine. Aliyekitoa kiendelezi kwa jina lake ndiye anayejibu.

Kwa sababu hiyo mtengenezaji mwenye busara atajiuliza mapema kama kiendelezi chake kinahitaji kweli kupeleka kitu nje. Cha kujaza fomu hakihitaji. Kinaweza kufanya kazi yote ndani ya kompyuta bila kutuma herufi moja popote, na hapo sehemu kubwa ya mzigo wa kiusalama na wa kisheria inapungua. Kipengele cha kunyoosha barua kinaweza kuwa kiendelezi kingine, chenye maelezo yake na ridhaa yake, kwa anayekitaka. Kanuni za duka la viendelezi la Chrome nazo zinataka kila kiendelezi kiwe na kusudi moja linaloeleweka, na tukitazama mfano wetu tunaona ni kwa nini.

Kuhusu kuhifadhi: kiendelezi chetu kiliweka taarifa za kila mteja kwenye hifadhi ya kudumu ya kivinjari, bila kuzifumba, na bila tarehe ya kuzifuta. Baada ya mwezi mmoja stesheneri ingekuwa na rejesta ya namba za utambulisho za mamia ya watu ambayo hakuna aliyekusudia kuitengeneza, kwenye kompyuta ambayo huenda fundi atapelekewa ikiharibika. Ipo hifadhi ya muda ambayo hufutika kivinjari kinapofungwa. Kubadilisha kutoka ya kwanza kwenda ya pili kulihitaji kurekebisha mistari michache tu.

Kasoro ya tatu ni ya kiufundi zaidi na itapitiwa kwa ufupi. Kiendelezi kilichukua maandishi kutoka kwenye ukurasa na kuyaonyesha kwenye kisanduku chake kama sehemu ya msimbo wa ukurasa, badala ya maandishi ya kawaida. Ukurasa wenye hila ungeweza kuficha amri ndani ya maandishi hayo, na kiendelezi kingeitekeleza. Vilevile kilipokea ujumbe kutoka kwenye ukurasa bila kuuliza umetumwa na nani. Anayekagua msimbo atazame sehemu hizi mbili kwanza. Ni za kawaida mno.

Udhaifu wa namna hii umepimwa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walichunguza programu 1,689 zilizoandikwa kwa msaada wa zana ya Copilot katika mazingira 89 yaliyochaguliwa kwa kuwa na uwezekano wa hatari, wakakuta takriban asilimia 40 zina udhaifu wa kiusalama. Zana zimeboreka sana tangu wakati huo kwa wepesi na ufasaha, lakini kampuni ya Veracode ilipojaribu zaidi ya modeli 100 mwaka 2025 ilikuta bado asilimia 45 ya majaribio yana udhaifu. Utafiti mwingine ulichambua sampuli 576,000 za msimbo ulioandikwa na akili unde na kubaini kuwa karibu kifurushi kimoja kati ya vitano vilivyopendekezwa hakipo kabisa. Zana ilibuni jina. Wahalifu wakilibaini jina linalobuniwa mara kwa mara, wanaweza kulisajili na kuweka ndani yake programu hasidi, wakamngoja atakayeamini ushauri wa mashine. Kwa hiyo kila kifurushi kilichopendekezwa kitafutwe kwanza: nani anakitunza, kimeanza lini, kinatumiwa na nani. Kwa kiendelezi cha kujaza fomu, jibu zuri kwa kawaida ni kutotumia kifurushi chochote cha nje.

Sasa tuje kwenye kutoa kiendelezi kwa umma, ambako mambo mengi huharibika hata kama msimbo ni safi. Njia inayovutia zaidi katika mazingira yetu ni ya flashi au kundi la WhatsApp: mtengenezaji hutuma kifurushi, na mwenye stesheneri hukipakia kwa kuwasha hali ya mtengenezaji kwenye kivinjari. Njia hiyo hukwepa ukaguzi wa duka. Ubaya wake mkubwa zaidi unaonekana baadaye. Kosa likigundulika, hakuna namna ya kulirekebisha kwa wote waliokwishapokea. Nakala yenye kosa itaendelea kuzunguka kutoka flashi hadi flashi miaka miwili baada ya mtengenezaji kulisahau. Duka la Chrome hutoza ada ya usajili ya dola tano za Marekani mara moja tu, na huruhusu kiendelezi kutoorodheshwa hadharani, hivyo anayetaka kuwapa watu ishirini tu wa Morogoro anaweza kuwapa kiungo bila kukitangaza kwa dunia nzima. Firefox nayo huhitaji kiendelezi kisainiwe kabla ya kukubaliwa. Aidha, zana nyingi za akili unde zilijifunza kutokana na mifano ya zamani, na mara nyingine huandika kwa muundo wa toleo la pili la manifesti, ambalo Chrome imeliondoa hatua kwa hatua, au huvuta msimbo kutoka kwenye seva ya mbali, jambo ambalo toleo la tatu linalikataza. Kiendelezi cha namna hiyo kitakataliwa dukani, na kukataliwa huko ni faida.

Duka lina nguvu moja zaidi ambayo ni msaada na hatari kwa pamoja: toleo jipya husambaa lenyewe kwa watumiaji wote bila kuwauliza. Mto Ruvu unaanzia Uluguru na maji yake yananywewa Dar es Salaam. Atakayechafua chanzo hana haja ya kugonga mlango wa kila nyumba. Tarehe 24 Desemba 2024, mkesha wa Krismasi, mfanyakazi wa kampuni ya usalama ya Cyberhaven ya Marekani alipokea barua pepe iliyojifanya imetoka kwenye duka la Chrome, ikidai kuwa kiendelezi cha kampuni kiko karibu kuondolewa kwa kukiuka kanuni. Alibofya, na ukurasa halali wa Google ukamwomba airuhusu programu fulani kusimamia viendelezi vyake. Akairuhusu. Uthibitishaji wa hatua mbili ulikuwepo na haukusaidia, kwa sababu hakuna aliyeiba nywila. Ruhusa ilitolewa na mwenye nayo. Usiku huo toleo lenye msimbo wa wizi lilipanda dukani na kubaki humo kwa takriban saa ishirini na tano, katika kiendelezi kilichokuwa na watumiaji wapatao 400,000. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa viendelezi vingine kadhaa vilikuwa vimeingiliwa.

Kampuni ile inafanya kazi ya kulinda taarifa za wateja wake, na bado ilinaswa sikukuu. Kijana anayesimamia kiendelezi peke yake kutoka chumba cha kupanga Mzumbe atapata barua pepe ya namna hiyohiyo siku moja, huenda akiwa katikati ya mitihani. Akaunti ya kuchapishia iwe tofauti na ya matumizi ya kila siku, na barua yoyote ya kutisha ishughulikiwe kwa kufungua duka lenyewe moja kwa moja, kamwe si kwa kubofya kiungo kilichomo ndani ya barua.

Lipo pia suala la kuuza. Kiendelezi kiitwacho The Great Suspender, kilichosaidia kupunguza mzigo wa kumbukumbu ya kompyuta, kilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni mbili wakati mwandishi wake wa awali alipokikabidhi kwa mmiliki mpya mwaka 2020. Februari 2021 Google ilikiondoa dukani kwa kuwa na programu hasidi. Waliokitumia hawakubadilisha chochote. Mmiliki ndiye aliyebadilika. Kijana ambaye kiendelezi chake kimepata watumiaji anaweza kupokea ofa ya fedha kutoka kwa mtu asiyemfahamu, na anapaswa kujua kuwa kinachonunuliwa mara nyingi ni zile ruhusa ambazo watumiaji walikwishazitoa. Ruhusa finyu hushusha bei ya mnunuzi wa aina hiyo, na hiyo nayo ni kinga.

Jaribio la mwisho kabla ya kutoa lifanywe na mtu ambaye hakukitengeneza. Atumie kivinjari kipya kisicho na akaunti zake, na taarifa za kubuni. Ni ajabu ni mara ngapi watu hujaribia programu kwa namba halisi ya utambulisho ya ndugu yao. Afungue sehemu ya kivinjari inayoonyesha mawasiliano ya mtandao na aone kila anwani ambayo kiendelezi kinaipigia. Isiyojulikana ielezwe au iondolewe. Ajaribu pia pale intaneti inapokatikatika, kama inavyokatika milimani mvua inaponyesha, kwa sababu kiendelezi kinachokwama katikati kinaweza kuacha fomu nusu ikionekana kamili.

Hatari hii ya mwisho haizungumzwi sana kwa kuwa haina mhalifu. Mifumo ya umma hubadilishwa. Uga wa fomu huongezwa au kuhamishwa. Kiendelezi kilichokariri mpangilio wa mwaka jana kitaweka namba ya mzazi mahali pa namba ya mwombaji na kuendelea. Kwa mwombaji wa mkopo, kosa hilo laweza kugundulika dirisha likiwa limefungwa. Kwa hiyo kiendelezi kisibofye kitufe cha kuwasilisha chenyewe hata siku moja. Kijaze, kisimame, kionyeshe kilichoandikwa kwa herufi zinazosomeka, na kimwachie mwombaji asome na kuthibitisha. Kisipokutana na uga kinaoutarajia, kikatae kujaza na kieleze sababu kwa Kiswahili. Maelezo ya ruhusa na ya faragha nayo yaandikwe kwa Kiswahili. Kijana wa Kinole hawezi kuridhia jambo lililoandikwa kwa lugha ya kisheria ya Kiingereza.

Mkoa wa Morogoro una nafasi nzuri katika jambo hili. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kinafundisha informatiki, na Chuo Kikuu Mzumbe kina programu za TEHAMA. Wanafunzi wawili wakibadilishana misimbo na kila mmoja kumkagua mwenzake kwa saa moja, kasoro zote zilizotajwa hapa zitaonekana. Kuiambia akili unde ikague ilichokiandika yenyewe kunasaidia pia, na inafaa kufanywa, ila isiwe ndiyo sahihi ya mwisho. Katika jaribio letu ilikiri kosa la ufunguo mara tu ilipoulizwa, na ikalipita lile la hifadhi bila kulisema.

Kwa watumishi wa umma, utaratibu ni mwembamba zaidi. Taasisi za umma hufanya kazi chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya Mwaka 2019 na viwango vinavyosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA). Kompyuta ya halmashauri inayofungua mifumo ya mapato au ya mishahara si mahali pa kujaribia kiendelezi kilichotoka kwenye kundi la WhatsApp, hata kama kimeandikwa na mtoto wa jirani mwenye kipaji. Afisa TEHAMA aulizwe kwanza. Na mbunifu anayeona mfumo fulani wa Serikali unawachosha wananchi kwa kuwaandikisha jambo lilelile mara tatu, ana hoja ambayo taasisi husika inahitaji kuisikia. Mara nyingine dawa ni mfumo wenyewe kurekebishwa, au mifumo kubadilishana taarifa kwa njia rasmi, kuliko kupachika kiraka kwenye kivinjari.

Sisi maafisa habari tuna mazoea ya kumalizia taarifa kwa maneno "wananchi wanaaswa kuchukua tahadhari" bila kusema tahadhari yenyewe ni ipi. Kwa mwenye stesheneri, ni hii. Kabla ya kufungua duka kesho, afungue orodha ya viendelezi kwenye kivinjari chake na aondoe kila ambacho hajui kiliwekwa na nani au kinafanya nini. Kilichobaki akibofye aone ruhusa zake. Kama kinasoma tovuti zote, kipunguziwe hadi tovuti zinazohitajika, uwezo ambao Chrome imempa mtumiaji mwenyewe. Mteja anapotaka kufungua benki au barua pepe yake, afunguliwe dirisha la mgeni, ambalo haliendeshi kiendelezi chochote na hufuta kumbukumbu zake linapofungwa. Akibaini kiendelezi kinachopeleka taarifa pasipoeleweka, akizime bila kukifuta ili ushahidi ubaki, na atoe taarifa kwa TZ-CERT, timu ya taifa ya kukabiliana na matukio ya usalama wa kompyuta iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Mteja anayeamini kuwa taarifa zake zimetumiwa kinyume cha ridhaa yake anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ni vyema awe ameandika tarehe aliyohudumiwa, mfumo uliofunguliwa na jina la stesheneri.